Siku ya Skii ya Machipuko Alta Badia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa marafiki, na marafiki wa marafiki, wanaotaka kujiunga nasi kwa siku moja ya kuteleza kwenye theluji mwishoni mwa msimu. Sisi ni wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Bavaria na Tirol, wengine wa kutoka Mombasa na Dar es Salaam, wengine Bukavu, na mmoja wetu anayesema kwao ni Muscat kabla hujamuuliza. Maswali huwa yaleyale kila mwaka, kwa hiyo majibu tumeyaweka hapa. Jambo moja lijulikane mapema: meza ya chakula cha mchana ndiyo hupangwa kwanza, kuteleza kunafuata. Anayetaka kuhesabu kilomita ana makundi mengi ya kujiunga nayo.

Tunakwenda wapi hasa?

Alta Badia, katika milima ya Dolomiti, kaskazini mwa Italia. Tunalala San Cassiano, kijiji kilicho kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na siku yenyewe tunaizungusha kwenye njia moja: ile inayoshuka kutoka juu ya Lagazuoi, karibu mita 2,750, hadi Armentarola. Ina urefu wa kilomita 8 na ushei, imepita katika bonde lisilo na lifti wala barabara, kuta za mwamba ziko kulia na kushoto. Katikati ya bonde hilo kuna Rifugio Scotoni. Rifugio ni nyumba ya mlimani inayolisha watu na mara nyingi kuwalaza pia.

Wenyeji wa bonde la Badia ni Waladini, wenye lugha yao wenyewe, Kiladini, ambayo si lahaja ya Kiitaliano wala ya Kijerumani. Watu wengi huko wanazungumza zote tatu na hawaoni ajabu yoyote. Ukisema "giulan" baada ya kuletewa sahani, yaani asante, utaona uso wa mhudumu unavyobadilika.

Kwa nini mwisho wa Machi au Aprili, na si Januari wakati theluji ni nyingi?

Kwa sababu Januari ni baridi na siku ni fupi. Bonde la Lagazuoi katikati ya majira ya baridi halioni jua karibu kutwa nzima, na kula nje ni adhabu. Machipuko yakiingia, jua linapanda juu, barazani unakaa na fulana, na bado njia zilizo juu zina theluji ya kutosha.

Lakini theluji ya wakati huu ina tabia yake, na ukiielewa umeielewa siku nzima. Mchana uso wake unayeyuka. Usiku, mbingu zikiwa hazina mawingu, joto linapotea angani na maji yale yanaganda tena. Asubuhi kwa hiyo unakuta kitu kigumu chenye kukwaruza, skii zinapiga kelele na magoti yanalalamika. Jua likishalipiga eneo kwa saa moja au mbili, sentimita mbili tatu za juu zinalegea na kuwa punje laini juu ya msingi mgumu. Hapo ndipo pana utamu wote wa skii ya machipuko: unageuka bila nguvu, na mtu wa kiwango cha kati anajiona bingwa. Haidumu. Ikiachwa mpaka alasiri inakuwa rojorojo, skii zinanasa, na watu wanaumia magoti.

Sasa, jua halipigi kila upande kwa wakati mmoja. Miteremko inayotazama mashariki hulegea kwanza, kisha ya kusini, kisha ya magharibi, na ya kaskazini hulegea mwisho au hailegei kabisa. Kwa hiyo tunalifuata jua asubuhi, kisha mchana tunalikimbia. Usiku ukiwa na mawingu theluji haigandi vizuri, na siku hiyo kila kitu hulegea mapema. Tazama anga kabla ya kulala. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya mwisho ya Machi saa za Ulaya zinasogezwa mbele, hivyo theluji iliyokuwa tayari saa nne Jumamosi inakuwa tayari saa tano Jumapili.

Mpango wa siku ukoje?

Saa mbili na nusu asubuhi tuko kwenye gari la kebo la Piz Sorega, palepale San Cassiano. Tunazunguka polepole kwenye uwanda wa Pralongià, ambako njia ni pana, nyingi za buluu, yaani rahisi, na jua limeshafika. Hapo hakuna haraka. Wengine hunywa kahawa ya pili saa nne, na hakuna anayewasema.

Karibu na saa nne na nusu tunashuka Armentarola na kupanda basi au teksi ya pamoja hadi njia ya mlimani ya Falzarego, mita 2,105. Kutoka hapo gari la kebo linakupandisha Lagazuoi kwa dakika chache tu, na unatoka ukiwa juu ya kila kitu: Marmolada na barafu yake kusini, mita 3,343, Civetta na Pelmo kushoto kwake, Tofane upande wa mji wa Cortina. Watu hukaa kimya hapo. Kisha mtu anaomba apigwe picha na kimya kinaisha.

Kwa nini tusiende huko asubuhi na mapema, kabla ya foleni? Kwa sababu bonde linatazama kaskazini. Saa tatu ni barafu. Afadhali kusimama foleni dakika ishirini kuliko kuteremka kwenye kioo. Saa sita na nusu tunakuwa Scotoni, tunakula, na karibu saa nane na nusu tunamalizia kipande cha chini kilichobaki, kupita maporomoko ya maji yaliyoganda, yenye rangi ya buluu, ambayo wapanda barafu huyakwea kwa shoka ndogo. Saa tisa na nusu siku ya skii imekwisha. Lifti huwa bado zinafanya kazi wakati huo, na kila mwaka kuna mtu anayetaka "raundi moja ya mwisho". Raundi ya mwisho alasiri ya Aprili, miguu ikiwa imechoka na tumbo limejaa, ndiyo inayowapeleka watu hospitali ya Brunico.

Njia ya Lagazuoi ni ngumu? Mimi nimejifunza mwaka juzi tu.

Ni nyekundu, yaani ya kati. Sehemu ya juu ndiyo yenye mwinuko mkali. Ukishaipita, nyingine ni ya kujiachia, na mwishoni ni tambarare kabisa. Kama unashuka njia za buluu bila kusimama kila kona, na unajua kuteleza upande upande pale unapoogopa, utafika. Kama bado unashuka umefanya skii zako herufi V kutoka juu hadi chini, baki Pralongià na mwalimu, na mchana tutapanga mahali pengine pa kukutana.

Jambo la kujua kabla ya kuanza: ukishaingia bondeni hakuna lifti ya kukutoa. Ni kushuka tu.

Sijawahi kuvaa skii maishani. Bado nije?

Njoo, tena bila aibu. Kuna namna mbili. Ya kwanza, uje siku mbili kabla na uchukue darasa la shule ya skii. Usifundishwe na mpenzi wako wala na sisi. Urafiki mwingi umevunjikia kwenye mteremko wa wanaoanza. Ya pili, usiteleze kabisa. Gari la kebo la Lagazuoi linapandisha watembea kwa miguu pia, na palepale juu kuna Rifugio Lagazuoi yenye baraza la mbao ambalo sijaona la kulishinda kwa mandhari. Kundi likiwa na wasioteleza wengi, chakula cha mchana tunakihamishia huko juu ili wote tukae meza moja, halafu wanaoteleza wanashuka na wengine wanarudi kwa gari la kebo. Tujulishe mapema tu, kwa sababu meza ni nyingine.

Nimesikia habari za farasi. Ni kweli?

Kweli kabisa. Njia inapoishia, karibu na Capanna Alpina, ardhi imelala na bado kuna mwendo mrefu hadi Armentarola. Badala ya kujisukuma kwa fimbo, unakuta farasi wawili wamefungiwa sleji, na nyuma ya sleji kuna kamba ndefu. Watelezaji wanashika kamba, kumi, ishirini, zaidi, na farasi wanawavuta wote mpaka kijijini. Unalipa euro chache mkononi, na hazimo kwenye tiketi ya lifti, kwa hiyo weka sarafu mfuko wa nje, si ndani ya tabaka tatu za nguo.

Maelekezo: fimbo zote mbili kwapani, mkono mmoja kwenye kamba, magoti yalegee. Acha nafasi kati yako na wa mbele, maana kuna vimteremko ambapo kamba inalegea na watu wanapandiana. Ukianguka, achia kamba na jiviringishe pembeni haraka, usijaribu ushujaa. Kuhusu kinyesi cha farasi, tazama mbele.

Theluji ya chini ikiwa imekwisha, farasi hawafanyi kazi, na tunapanda basi au teksi. Mwisho wa msimu hilo hutokea, kwa hiyo usimwahidi mtoto farasi kabla hatujauliza.

Tunakula nini?

Swali zuri kuliko yote katika ukurasa huu. Jikoni ya Badia imekaa mpakani: mkono mmoja Tirol, mkono mwingine Italia, na chini yake chakula cha wakulima wa Kiladini waliokuwa na shayiri, viazi, maziwa na majira marefu ya baridi.

Anza na supu ya shayiri, panicia kwa Kiladini. Ni nzito, ina mbogamboga zilizokatwa ndogondogo, na mara nyingi hupikwa na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Canederli ni madonge ya mkate mkavu uliolowekwa maziwa na mayai, yakachanganywa na jibini, mchicha au speck (nyama ya nguruwe iliyokaushwa), kisha yakachemshwa. Hutolewa ndani ya mchuzi mwepesi au yamemwagiwa siagi. Ni chakula kilichobuniwa ili mkate uliokauka usitupwe, na mimi nakiheshimu kwa hilo. Cajincì ni tambi zilizokunjwa nusu duara zenye mchicha na jibini laini ndani. Upande wa Cortina, ng'ambo ya Falzarego, utakuta casunziei, zilizojazwa viazisukari vyekundu (bitiruti) na kunyunyiziwa mbegu za mpopi; ukiuma, ndani ni zambarau.

Polenta ni ugali wa mahindi ya njano. Tusizunguke. Huku huletwa na uyoga, na jibini lililoyeyuka, au na mchuzi wa kulungu uliopikwa muda mrefu mpaka nyama inaachia. Baadhi yetu waliishi Ulaya miaka mingi wakilalamikia unga wa kuagiza kumbe ugali ulikuwa unapikwa milimani saa nne kutoka kwao. Unga wa polenta huwa wa chenga zaidi kuliko sembe, na wapishi wengine wanaupoza, wanaukata vipande na kuuchoma. Kwa mkono au kwa uma, hiari yako; kwetu hakuna atakayekutazama mara mbili.

Scotoni inajulikana kwa nyama ya kuchoma kwenye moto wa wazi, na ndiyo sababu wengi wetu huchagua hapo. Nyama choma baada ya kuteremka mlima, jua usoni, ni jambo ambalo Mkenya haelezwi mara mbili.

Mwisho, Kaiserschmarrn: chapati nene ya mayai iliyoraruliwa vipande kwenye kikaango, ikapakwa sukari ya unga na kuletwa na jamu ya matunda mekundu ya porini yenye uchachu. Inachukua muda kuiva kwa sababu hutengenezwa ukishaagiza, kwa hiyo iagize pamoja na chakula kikuu. Moja inatosha watu watatu. Kila mtu anaposema hataki, agiza mbili.

Sili nguruwe na sinywi pombe. Nitakufa njaa?

Hapana, ila lazima uulize kila sahani. Speck, nguruwe wa kukaushwa, huingia mahali usipotarajia: ndani ya canederli, ndani ya supu, juu ya viazi vya kukaanga. Sema wazi kwa Kiitaliano "senza maiale", au kwa Kijerumani "ohne Schwein". Zilizo salama zaidi ni cajincì za mchicha, casunziei, polenta na jibini au uyoga, na canederli za jibini au mchicha, ukiwa umehakikisha. Nyama ya ng'ombe na kulungu ipo, lakini usitarajie kuwa ni ya kuchinjwa kihalali. Wenzetu wanaolizingatia hilo huacha nyama siku hiyo na hawasikiki wakinung'unika. Kaiserschmarrn ina zabibu kavu ambazo wapishi wengine huziloweka kwenye ramu. Uliza.

Kuhusu vinywaji, bombardino unayoiona yenye moshi na krimu juu ni pombe ya mayai, hata kama inanukia kama kitindamlo. Chukua chokoleti ya moto, ambayo kwa Waitaliano ni nzito kiasi cha kuliwa na kijiko, au juisi ya matofaa ya Tirol Kusini, au sharubati ya maua ya mti wa sambuco na maji ya gesi.

Vipi Ramadhani?

Miaka hii mwezi mtukufu unaangukia Februari na sehemu ya Machi, ndiyo sababu nyingine ya kupenda siku za mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Kuna mwaka siku yetu iliangukia sikukuu ya Idi, na tukala mchana wa Idi barazani. Sitaki kusema pilau haikukumbukwa.

Kuna haja ya kuweka nafasi ya meza?

Kama kuna jambo moja la kulifanya kabla ya mengine yote, ni hili. Siku ya jua wikendi, baraza linajaa mapema na waliokuja bila nafasi wanakula wamesimama. Piga simu au andika siku kadhaa kabla, taja idadi ya watu, na omba zamu ya kwanza au ya pili kama wanagawa zamu. Mkiwa wengi kuliko mlivyosema, sema mapema. Mkiwa wachache, sema vilevile. Mlimani kila mkate umepandishwa.

Fika kwa wakati. Na hii tunaisema kwa upendo kwa ndugu zetu wote, kuanzia Lamu hadi Lubumbashi.

Siku nzima itanigharimu kiasi gani?

Si mchezo wa bei rahisi, na hatutajifanya. Tiketi ya lifti ya siku moja kwa mtu mzima ni zaidi ya euro 70. Ukichukua ya Dolomiti Superski inafungua mabonde 12 yenye kilomita karibu 1,200 za njia, na unaihitaji kwa mpango wetu, kwa sababu Lagazuoi iko upande wa Cortina na tiketi ya Alta Badia peke yake haiingii huko. Nunua mtandaoni mapema. Kukodi skii, buti na fimbo, ongeza euro 40 hivi. Sahani ya kawaida mlimani ni kati ya euro 15 na 25, nyama ya kuchoma zaidi. Kwenye bili utaona "coperto", euro chache kwa kila kichwa kwa ajili ya mkate na meza. Si wizi, ni desturi ya Italia. Bili yetu hugawanywa sawa, isipokuwa mvinyo, ambao wanaokunywa wanaulipia wenyewe.

Nivae nini?

Tabaka za kuvua. Asubuhi kunaweza kuwa nyuzi 5 chini ya sifuri, mchana 12 juu, na aliyevaa koti moja nene atateseka nyakati zote mbili. Fulana ya sufi au ya michezo, sweta jepesi, koti lisilopitisha upepo. Jinzi hapana, inalowa na haikauki. Soksi jozi moja ndefu. Jozi mbili zinabana damu na miguu inaganda. Beba mkoba mdogo wenye glavu za akiba na kofia ya jua ya kukaa barazani.

Ngozi yangu ni nyeusi. Mafuta ya jua ya nini?

Theluji safi inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza, na kila unapopanda mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10. Jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini: kidevuni, ndani ya pua, chini ya masikio. Ngozi nyeusi inavumilia zaidi, ni kweli, lakini haizuii yote, na midomo haina ulinzi wa kutosha. Macho ndiyo hasa. Saa chache bila miwani juu ya theluji zinatosha kuunguza uso wa jicho, na jioni unahisi mchanga ndani yake huku machozi yakikutoka. Miwani yenye kinga kamili, kila wakati, hata kukiwa na mawingu. Kwa mafuta, chagua yasiyoacha rangi ya chokaa, yapo siku hizi.

Sheria zipoje?

Italia imekaza sheria zake. Tangu tarehe 1 Januari 2022 kila anayeteleza lazima awe na bima ya kumfidia mtu mwingine atakayemuumiza. Kama huna, inauzwa kwa euro chache pamoja na tiketi. Waliopo Ujerumani wengi tayari wanayo ndani ya bima zao binafsi za kufidia wengine (Privathaftpflicht), ila beba uthibitisho kwenye simu. Helmeti sasa ni lazima kwa watu wa umri wote, si watoto peke yao kama zamani. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa ni kile cha dereva, gramu 0.5 kwa lita ya damu, na polisi wa kwenye theluji wapo kweli, wanateleza kuliko wewe.

Kanuni kubwa ya njiani: aliye mbele na chini ana haki. Wewe wa nyuma ndiye unayemwona, kwa hiyo wewe ndiye unayemkwepa. Usisimame katikati wala nyuma ya kituta ambapo huonekani. Kukitokea ajali, simu ni 112. Na usitoke nje ya njia iliyowekwa alama kwa sababu umeona theluji isiyokanyagwa. Jua la machipuko likishalowesha tabaka la juu, maporomoko ya theluji hushuka mchana bila kuhitaji mtu wa kuyaanzisha.

Tunafikaje, na viza?

Kwa gari kutoka Munich: Innsbruck, Brenner, Brunico, kisha juu bonde la Badia. Austria inataka stika ya barabara kuu, na Brenner ina ada yake ya ziada. Italia inataka tairi za baridi au minyororo hadi tarehe 15 Aprili. Kwa treni unafika Brunico na kumalizia na basi. Austria na Italia zote ni Schengen, lakini beba pasi na kibali chako cha ukaazi, maana ukaguzi treni za Brenner ni jambo la kawaida na, tuwe wakweli, sisi ndio tunaokaguliwa kwanza. Anayetoka Uingereza au Afrika Mashariki aangalie viza miezi kabla.

Tutakuwa watu weusi peke yetu mlimani. Itakuwaje?

Mara nyingi mtakuwa peke yenu, ndiyo. Kuna watakaotazama, kuna watakaouliza kama baridi haiwasumbui, na walio wengi hawatafanya lolote kwa sababu wanashughulika na buti zao.

Ukipewa tena ule mzaha wa Mwafrika na theluji, una majibu. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliteleza kwa ajili ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang ya 2018. Miaka 20 kabla yake, Nagano 1998, Philip Boit alishiriki mbio za kilomita 10 za skii za nyika, akamaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri kwenye mstari kumkumbatia. Boit akamwita mwanawe Dæhlie. Na kama bado wanabisha, waambie kwamba Kilimanjaro yenyewe imewahi kutelezwa: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda na skii zao mpaka kwenye barafu ya juu. Barafu ya ndani ya Kibo inabeba jina la Furtwängler, ingawa imepungua sana.

Yale mashimo kwenye mwamba wa Lagazuoi ni nini?

Ni mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuanzia 1915 hadi 1917 mstari wa mapigano kati ya Italia na Austria-Hungaria ulipita hapa, na wanajeshi wa pande zote waliuchimba mlima kwa ndani ili kulipuana kutoka chini. Leo ni jumba la makumbusho la wazi. Wakati wa theluji yanahitaji vifaa na mtu wa kuongoza, hivyo sisi huyatazama kwa mbali. Mzee mmoja wa kundi letu huwa anakumbusha kwamba miaka hiyohiyo babu zetu walikuwa wanabebeshwa mizigo ya majeshi ya Waingereza na Wajerumani Afrika Mashariki. Ni mazungumzo mazuri ya mezani, baada ya supu.

Hali ya hewa ikiharibika?

Upepo ukiwa mkali gari la kebo la Lagazuoi husimama, na mpango wote unabadilika. Mvua ikinyesha chini, juu huenda ni theluji, lakini pia ukungu, na bonde lisilo na lifti si mahali pa kuingia ukiwa huoni ncha za skii zako. Tunaamua saa moja asubuhi na kuandika kwenye kundi la WhatsApp. Siku kama hiyo tunabaki kwenye njia za msituni juu ya San Cassiano, ambako miti inasaidia kuona, na meza tunaihamishia rifugio ya karibu au mgahawa wa kijijini. Meza ya Scotoni, tafadhali, aliyeiweka apige simu aifute kabla ya saa tatu.